Siku Tatu za Likizo na Arobaini ya Mzazi

Katika orodha ya mahari iliyosomwa nyumbani kwa wakwe zangu Muheza palikuwa na kilemba, mkaja na ubeleko, kila kimoja na bei yake, nami nilivilipa vyote bila kuuliza maana yake, kama abiria anayelipa nauli ya kivuko. Miaka miwili baadaye, mke wangu aliporudi kutoka hospitali na mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alinituma Ngamiani nikanunue kitambaa cha marekani cha mkaja, na muuza duka mzee ndiye aliyenifahamisha, huku akipima kwa mkono, kwamba mkaja ni nguo ya kumfunga mzazi tumbo baada ya kujifungua, na kwamba fedha niliyompa mama mkwe siku ya ndoa ilikuwa shukrani kwa nguo kama hiyo aliyoivaa yeye alipomzaa mke wangu. Ubeleko, akaongeza, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Nilirudi nyumbani Makorora na kitambaa changu kwapani nikijiona mtu aliyeingia katika kazi bila kujua hata majina ya zana zake.

Haya ninayoyaandika ni kwa yule ambaye mke wake ana mimba ya kwanza, anayeishi kwa mshahara kama mimi, katika vyumba viwili au vitatu vya kupanga, na ambaye ameambiwa na wenzake kwamba miezi ya mwanzo ni kazi ya wanawake na kwamba baba ni mtu wa kutoa fedha na kusubiri. Mimi si mganga wala muuguzi. Ni karani wa kuhesabu mizigo bandarini Tanga, nina watoto wawili, na mengi ya haya niliyajua kwa wa pili baada ya kuyakosea kwa wa kwanza. Kosa langu kubwa lilikuwa moja, nalo ndilo lililozaa mengine: nilikaa kusubiri kutumwa. Baba asiyekuwa na kazi yake mahususi, inayojulikana na kila mtu nyumbani kuwa ni yake, huishia kuwa mgeni wa kwanza katika msururu wa wageni, tofauti yake na wengine ikiwa kwamba yeye haagwi.

Nianze na likizo, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa mapema kuliko vyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Baba inampa siku zisizopungua 3, kwa sharti kwamba zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa furaha niliomba likizo yangu kuanzia Jumatatu hiyo hiyo, nikazimaliza siku zote tatu kwenye benchi la nje ya wodi, nikipokea simu za pongezi na kusubiri saa za kuona wagonjwa ili nipeleke supu na uji wa pilipili manga. Aliruhusiwa Alhamisi, wakati mimi niko zamu. Mzazi mwenye mshono tumboni alishuka kwenye bajaji akishikwa mkono na jirani, na mtoto wangu wa kwanza akaingia nyumbani kwake mara ya kwanza pasipo baba yake, ilhali sheria ilikuwa imeniachia nafasi ya kuchukua siku hizo hizo kuanzia Alhamisi.

Kwa hiyo usiikimbilie likizo kwa sababu tu mtoto amezaliwa. Hesabu siku ambayo mzazi atarudi nyumbani na uianzishe hapo, mradi usivuke siku ya saba. Na miezi kadhaa kabla, zungumza na msimamizi wako uone kama sehemu ya zile siku 28 za likizo ya mwaka inaweza kuunganishwa nayo. Kwa mtoto wa pili nilifanya hivyo, nikapata majuma mawili kamili, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba majuma hayo yamenifaa kuliko fenicha yoyote niliyowahi kuinunua kwa ajili ya watoto.

Jambo la pili ni kuishi na mama mkwe. Huku kwetu binti mwenye mimba ya kwanza aghalabu hurudi kwao kujifungua, au mama yake humfuata akakaa naye mpaka arobaini itimie. Ninyi mnaoishi na kazi mjini huenda mkachagua la pili, kama sisi, na hapo ndipo unapojikuta wewe na mtu unayemheshimu kiasi cha kutoweza kumtazama usoni mnagawana ukumbi wenye upana wa mikeka miwili. Nilikuwa nikitoka kazini napiga hodi mlangoni pangu mwenyewe, naitikiwa, namwamkia, kisha narudi barazani mpaka usiku, nikidhani kwamba huko ndiko kumstahi. Kumbe yeye naye alikuwa akichoka, kwa kuwa alikuwa akichota maji, akichemsha ya kumkandia mzazi, akipika na kufua nepi, na heshima ile ile ilimzuia kuniomba chochote. Tulivunja ukimya huo juu ya ndoo. Siku moja nilizijaza ndoo zote alfajiri kabla hajaamka, na alipouliza ni nani aliyefanya hivyo, nikamwambia, "Mama, maji tangu leo ni yangu." Kuanzia hapo tukawa tunazungumza.

Mzozo hautakosekana, na kwa kawaida utahusu kinachoingia kinywani mwa mtoto. Mama mkwe alitaka kumlambisha asali na kumpa maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, kwa sababu aliyaona maziwa ya siku za mwanzo kuwa machache. Maziwa hayo mazito ya rangi ya manjano, ambayo wazee waliyaita dang'a na baadhi yao waliyakamua na kuyamwaga, ndiyo yenye kinga ya mwanzo ya mtoto, na uchache wake unalingana na tumbo lake ambalo bado ni dogo mno. Mtoto huwekwa kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa na hahitaji maji, asali wala kitu kingine mpaka atimize miezi 6, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Asali hasa inaweza kubeba vimelea vinavyosababisha sumu ya kupooza kwa mtoto aliye chini ya mwaka. Nilikosea pale nilipoyasema hayo mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma kijikaratasi. Mkwe hasomeshwi na mkwewe. Kilichofaa baadaye ni kumwomba awasindikize mzazi na mtoto kliniki, akae mbele ya muuguzi wa makamo yake, aulize yote aliyotaka kuuliza. Alirudi akiwa yeye ndiye mlinzi wa mtoto dhidi ya kila jirani aliyekuja na kijiko, na mimi sikuhitaji kusema neno.

Kuhusu kitovu sitakaa sana: kiachwe kikavu na wazi, kisipakwe samli, majivu, mate wala dawa ya kienyeji, kwa kuwa pepopunda na maambukizo mengine hupitia hapo, na kwa kawaida huanguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Kikitoa usaha, au ngozi inayokizunguka ikawa nyekundu na ya moto, hiyo ni safari ya hospitali. Kuhusu mavazi nitasema tu kwamba Tanga wakati wa kaskazi si mahali pa kumvika mtoto sweta, kofia ya sufu na soksi juu ya blanketi. Watoto wetu wengi hutoka harara shingoni na kwapani kwa sababu ya upendo uliozidi. Vazi moja zaidi ya ulilovaa wewe linatosha, na likiwa joto kali hata hilo la ziada si lazima.

Sasa niseme juu ya manjano, ambayo ndiyo yaliyonifundisha kwa maumivu. Mtoto wetu alianza kubadilika rangi siku ya tatu. Jirani alisema ni kawaida, tumwanike kwenye jua la asubuhi, na alikuwa sahihi nusu, kwa sababu watoto wengi hupata manjano siku ya 2 au ya 3 nayo huondoka yenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga huvunjika kwa wingi, na ini lake ambalo halijakomaa huchelewa kuiondoa bilirubini inayobaki, ambayo ndiyo inayotia ngozi rangi. Lakini ikizidi mno hufika kwenye ubongo na kuudhuru. Mimi nilikuwa nikirudi kazini jioni na kumtazama chini ya taa ya chumbani yenye mwanga wa njano, ambao humfanya hata mtu mzima aonekane mgonjwa, na kila jioni nilijiambia kwamba ni taa. Siku ya tano mke wangu aliniambia mtoto hanyonyi, kwamba akimwekea titi mdomoni analala. Nikamfurahia kuwa mtoto mpole. Ni mama mkwe aliyemtoa barazani asubuhi iliyofuata, akamfunua miguu, akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nyayo zilikuwa za rangi ya binzari.

Alilazwa usiku mbili chini ya taa za bluu, ambazo hubadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa mkojo na choo, akapona kabisa. Daktari hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilikuwa nikimtazama kwenye mwanga wa mchana. Basi wewe ifanye kazi hii iwe yako: kila asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo mtoe mtoto penye mwanga wa nje, bonyeza taratibu kwa kidole ngozi ya paji la uso au pua, tazama rangi inayobaki pale unapoachia, kisha tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yanayoanza ndani ya saa 24 za mwanzo, au yanayofika viganjani na nyayoni, au yanayoambatana na usingizi mzito na kukataa titi hayasubiri jua la asubuhi. Vivyo hivyo ukiona anapumua haraka, yaani mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi, au ana degedege, au joto lake limefika nyuzi 37.5, au amekuwa wa baridi na mlegevu. Nauli ya bajaji ya usiku iwekwe mahali pake, isiguswe kwa mkate wala vocha, na namba za madereva wawili wa mtaa mmoja ziwe ukutani, kwa sababu mmoja akilala mwingine huenda yuko macho.

Baada ya tukio hilo nilirudia kile ninachokijua. Nilichukua daftari nikapiga mistari kama ya kuhesabia mizigo: saa, titi lipi, mkojo, choo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kuanzia siku ya tano hivi anatakiwa alowanishe nepi sita au zaidi kwa saa 24. Hicho ndicho kipimo cha nyumbani cha kujua kama maziwa yanamtosha, si ukubwa wa titi wala wingi wa kilio. Ni kawaida apungue uzito siku za mwanzo, mradi awe ameurudia ule wa kuzaliwa karibu na wiki ya pili. Tulipoulizwa kliniki mtoto ananyonya mara ngapi, mzazi ambaye hajalala wiki nzima hakukumbuka hata siku yenyewe, nami nikafungua daftari, na muuguzi akasoma kurasa mbili kwa makini. Nilijivuna kupita kiasi. Nikaanza kuamsha watu usiku kuuliza dakika, mpaka mke wangu akaniambia, "Mwanangu si kontena." Daftari liliishi wiki tatu, na naliona lilitosha. Kwa mtoto wa pili lilidumu siku kumi.

Usiku gawaneni kazi kwa wazi. Wewe huwezi kunyonyesha, lakini kila kinachotangulia na kinachofuata titi unakiweza: kumtoa, kumbadilisha nepi, kumfikisha kwa mama yake, kumwegemeza begani baada ya kunyonya mpaka acheue, na kumrudisha alale chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mito wala nguo za kumzingira uso, ndani ya chandarua chenye dawa. Usikae naye kwenye kiti ukiwa na usingizi, kwa maana mikono hulegea kabla mtu hajajua. Kilio cha jioni huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Wengi watakwambia ni mchango na watakuletea chupa za dawa. Kama ananyonya, anaongezeka uzito na hana homa, dawa iliyo bora ni kumbeba na kutembea naye. Nami nikiri jambo ambalo wanaume hatuambiani. Usiku mmoja wa wiki ya 6, nikiwa nimetoka zamu, mtoto alilia saa mbili mfululizo mikononi mwangu na nikahisi hasira ikipanda mpaka vidoleni. Nilimlaza kitandani penye usalama, nikafunga mlango, nikakaa barazani mpaka mapigo ya moyo yakashuka, kisha nikarudi. Mtoto kulia peke yake dakika tano hadhuriki. Mtoto anayetikiswa anaweza kuvuja damu ubongoni na kufa.

Mzazi naye atazamwe, maana wageni wote humtazama mtoto. Kutokwa damu nyingi inayolowanisha pedi moja baada ya nyingine, homa, usaha kwenye mshono, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, yote hayo yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo, na kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Maji ya kumkandia yawe ya moto unaovumilika, na mwenye mshono asikandwe tumbo. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na hupita. Yakivuka wiki mbili, akawa hali, halali hata mtoto akilala, au anasema yeye ni mama mbaya, usimwambie ashukuru Mungu na anyamaze. Mpeleke akaonwe, kwa sababu hiyo ni maradhi na yana tiba.

Hapo hapo nigusie neno linaloharibu nyumba nyingi za pwani. Mtoto akidhoofu, utasikia minong'ono kwamba wazazi wamembemenda, yaani wamekutana mapema au mmoja ametoka nje. Arobaini ni heshima nzuri kwa mwili unaopona na mimi naishika, lakini mtoto anayedhoofu anahitaji mizani, kupimwa na kutazamwa jinsi anavyoshika titi. Tuhuma haziongezi gramu hata moja. Suala la uzazi wa mpango liulizwe na wote wawili mapema. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba vizuri endapo mtoto hajafika miezi 6, ananyonya titi pekee usiku na mchana na hedhi haijarudi, na sharti moja kati ya hayo likivunjika, kinga hiyo haipo tena.

Akika siku ya saba ni sunna, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na asiye na uwezo asikope kwa ajili yake. Mimi nilikopa, na deni lile nililimaliza mtoto akiwa anatambaa. Lisilosubiri ni karatasi: usiondoke hospitali bila tangazo la kizazi lenye majina yaliyoandikwa sawasawa, kwa kuwa kusajili ndani ya siku 90 ni rahisi kuliko kuja kurekebisha baadaye. Chanjo za kifua kikuu na polio hutolewa anapozaliwa, kisha kuna safari za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubella miezi 9 na miezi 18. Nenda nawe, japo utakuwa mwanamume peke yako kwenye benchi. Kinamama watakutazama dakika tano, kisha mmoja atakuomba umshikie wake.

Siku 84 ni wiki 12 kamili, na mke wangu, ambaye ni mhasibu katika kampuni binafsi, alirudi kazini mtoto wa pili akiwa bado ananyonya tu. Sheria ile ile inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ombi lake tuliliandika barua mwezi mmoja kabla na likakubaliwa bila mvutano. Maziwa aliyokamua tuliyaweka kwenye chombo kilichochemshwa, na kwa joto la Tanga hatukuyaacha nje ya friji kwa muda mrefu. Tulichagua kikombe kidogo badala ya chupa ya kunyonyea, kwa kuwa husafishika kwa urahisi na hakimchanganyi mtoto. Ushauri wangu ni kumzoesha kikombe hicho wiki mbili kabla. Sisi tulikumbuka siku mbili kabla, na asubuhi ya kwanza ilinikuta pale barazani, shati limelowa maziwa kifuani, mtoto amefumba mdomo kama mlango wa duka siku ya Idi, nikimsubiri mama mkwe, ambaye safari hii nilimpigia simu mimi mwenyewe, ashuke kwenye basi la Muheza.